Mtaro wa Ng'ombe Wanne

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyetuletea mkandarasi na mtambo wake wa kijiko wa kuchimbia, ati apunguze maji yaliyozidi kwenye shamba langu la mpunga hapa Magu, kando ya ziwa. Ili kumlipa, nikauza ng'ombe wanne, wote alioniachia marehemu mke wangu Modesta. Wakachimba mtaro mnyoofu mpaka ziwani.

"Ziwa likijaa je?" nikauliza.

Mwenyekiti akacheka. "Mzee Ndalahwa, hayo waachie wataalamu!"

Masika ziwa likajaa, likaingia kwa mtaro huohuo, mpunga wote ukazama. Jana mwenyekiti alikuja, viatu mkononi.

"Shikamoo mzee. Mkandarasi yuko tayari kuuziba. Ng'ombe wawili tu."

 Nilichukua jembe.

"Nitauziba mwenyewe. Udongo mkavu uko shambani kwako," nikamwambia, nikatangulia kwenda kuuchimba.