Vuguvugu Chini ya Ngome

Lau wanaotundika picha za bahari ukutani wangeijua kazi ya mwanamke huyu, wangezishusha na kwenda kunawa mikono. Mumewe ndiye aliyezipiga: miji ya kale, kuta za ngome, fukwe nyeupe pe. Wenzake walimwita Jicho, na jina lenyewe lilimvimbisha kichwa. Yeye alizisafisha. Alikaa chumba cha nyuma, pazia limefungwa, feni inakoroma, akikuza kila picha mpaka kila punje ya mchanga ikaonekana, kisha akaanza kufuta. Nepi. Waya za umeme. Paka aliyevimba tumbo. Mengine hakuyataja hata kwa dada yake.

Lakini lililomtia kinyaa kuliko yote lilikuwa bomba. Chini ya ukuta wa ngome, pale ghuba inapojikunja vizuri na kila mgeni hutaka kupigwa picha, mji mzima ulimwaga choo chake baharini kwa bomba la saruji lenye mdomo mpana kama pipa. Maji yakijaa lilifunikwa. Yakipwa lilibaki wazi, likitapika. Alikuwa amelifuta mara nyingi kiasi kwamba angeweza kulifuta huku anaongea na simu. Alinakili mawe ya kando, akayapanga juu yake, akatia buluu kidogo. Na kila alipomaliza alikwenda kunawa, ingawa hakuwa amegusa chochote isipokuwa kompyuta.

"Unajisumbua bure," Jicho alimwambia. "Nani ananunua picha ili ainuse?"

Tangu mwezi uliopita baba wa mwanamke huyu alikuwa anakaa nao. Kisukari kilikuwa kinamla mguu; kidonda cha unyayoni kilikataa kufunga, ndiyo maana akaletwa kwenye hospitali kubwa ya mjini. Daktari hakuuma maneno: kidonda kikae kikavu na kisafi, la sivyo mguu utakatwa. Kila asubuhi binti alikisafisha na kukifunga bendeji mpya, na nyama nyekundu ikaanza kuota pembezoni. Walifurahi kama watu waliopata mtoto. Halafu wiki hii kikaanza kunuka upya. Alidhani ni sukari imepanda, akamnyima mzee chai tamu, wakanuniana.

Siku hiyo Jicho alimletea kadi ya kamera, meno yote nje. "Humu mna jalada la kalenda ya mwakani," alisema. "Fungua ujionee."

Alifungua. Ukuta wa ngome, mwanga wa asubuhi, maji ya kijani kibichi. Na katikati, suruali imekunjwa, maji yamemfika magotini, uso ameuinua kwa raha, alisimama baba yake.

Akakuza. Maji yalikuwa yamejaa na bomba halikuonekana, lakini yeye hakuhitaji kuonyeshwa lilipo. Baba yake alikuwa amesimama mdomoni mwa bomba hasa. Kitu cha kahawia kilielea karibu na goti. Chini ya maji bendeji ilikuwa imefunguka, inapepea. Alilivuta pazia, akafungua dirisha, akahema.

"Ulimpeleka wewe?"

"Mzee wa watu anashinda ndani kama kuku anayeatamia. Nikasema nimtoe akapunge upepo. Tumekwenda karibu kila siku wiki hii."

"Na bomba je?"

"Maji yalikuwa yamejaa, halionekani." Jicho aliinamia skrini. "Ila hiyo bendeji inaharibu. Itoe. Na hicho kinachoelea."

"Hicho kinachoelea ni mavi. Na huo mguu ni wa baba yangu."

"Sasa mbona unanipandishia sauti? Maji ya chumvi si dawa ya kidonda? Hebu angalia uso wake kwanza, unavyong'aa."

Alimtazama mumewe kwa kinyaa ambacho hata yule paka hakuwahi kumtia. Afadhali angekuwa na roho mbaya, angejua pa kumshika. Mtu mzima, mwenye macho yake mawili, alikuwa amemsimamisha mkwewe chooni akamwambia ainue kidevu kidogo, kwa sababu mwanga ulikuwa mzuri. Na sasa alikuwa anasubiri asifiwe. Alimpita bila kumgusa, kama mtu anayeruka mtaro.

Mzee alikuwa kitandani, kikopo cha ugoro kiganjani. Ugoro ulikuwa umeshaiua pua yake. Ungeweza kumlaza jalalani na asipige hata chafya.

"Baba, kule ngomeni usiende tena."

"Kwa nini, mama? Pale ndipo ninapopata nafuu. Kuna mahali chini ya ukuta maji yake ni vuguvugu, utadhani umechemshiwa. Kwingine baridi inaingia mpaka mfupani. Mimi husimama palepale."

Vuguvugu.

"Baba, yale ni maji ya choo. Yanatoka kwenye bomba."

"Bomba gani? Kalenda uliyonitumia nimeikodolea macho mwaka mzima. Ile ghuba naijua jiwe kwa jiwe. Haina bomba."

Alikwenda kuleta kompyuta, akamwonyesha picha ile ile ya kalenda kabla hajaigusa, bomba wazi, uchafu unamwagika. Mzee aliisogeza mbali, akaisogeza karibu, akacheka kwa huruma.

"Mkwe wangu kanionyesha mambo yenu. Mnaweza kumtia mtu ndevu asizokuwa nazo. Hili umelitia wewe ili unitishe." Kisha sauti yake ikashuka. "Kama mmechoka kukaa na mimi, niambie tu, mwanangu. Usinitungie bomba."

Angeapa kwa nini, wakati ile kalenda ya uongo ilimfikia mzee kutoka mikononi mwake mwenyewe?

Maji yalipokupwa alimpakia kwenye teksi, akampeleka. Mzee hakunusa kitu, lakini macho yalikuwa mazima. Bomba lilikuwa limepanua mdomo. Uji wa kijivu ulitoka kwa kwikwi, nzi wametanda, nepi imenasa ukingoni. Chini yake mchanga ulikuwa mweusi, na kwenye mchanga huo, wazi kabisa, palikuwa na kipande cha bendeji.

"Kwenye kalenda hapa pana mawe," mzee alisema.

"Ni yale ya kule, baba. Niliyanakili nikayaweka hapa."

Mzee alitazama mawe, akatazama mguu wake. Kisha akashika ukuta, akatapika mpaka machozi yakamtoka.

Hospitalini nesi alifungua bendeji, akageuza uso, akaongeza barakoa juu ya barakoa. "Mzee, hiki kilikuwa kinapona. Umekanyaga nini? Nataka ukweli, maana dawa inategemea."

"Sokoni," baba yake alidakia. "Nilikanyaga dimbwi la mvua. Mwanangu hakuwepo, hana habari."

Hakuwahi kumsikia baba yake akidanganya. Alidanganya vibaya, macho darini, na aliyekuwa anafichiwa aibu ni yeye binti. Kinyaa chote alichokuwa amemgawia mumewe na mji na bomba kilimrudia, akajiona mchafu kuanzia utosini.

"Si sokoni," alisema. "Ni maji ya choo, bomba la pale ngomeni. Amesimama humo wiki nzima. Mimi ndiye niliyelifuta kwenye picha, naye akaiamini."

Habari ya kufuta nesi hakuielewa. Alilisikia neno choo, akatoka mbio kumwita daktari. Daktari alibonyeza juu ya kifundo, akabonyeza chini ya goti.

"Bora mmesema," alisema. "Kwa dimbwi ningekupa vidonge urudi nyumbani, na sidhani kama ungeimaliza wiki. Kwa hili, mzee wangu, mguu unatoka leo."

Akaondoka kwenda kuandaa chumba cha upasuaji.

"Nilitaka usiaibike," baba yake alisema.

"Najua, baba."

"Umekataa." Mzee aliuvuta kando ule mguu mzima, akampisha nafasi kitandani. "Haya basi, aibika hapa karibu yangu."

Naye akakaa.