Nyama ya Ndezi na Alama ya Kidole

Kwansima alikuwa mwaka wa tatu chuoni, akisomea sayansi jinai. Likizo ile alirudi nyumbani Saltpond, mji wa pwani ya Ghana, kujiandaa kwa usaili wa maabara ya polisi. Mama yake alishawatangazia majirani kwamba bintiye anawakamata wauaji kwa unywele mmoja tu.

Jumapili, wakati watu wako kanisani, nyama ya ndezi, yule panya mkubwa wa porini, ilitoweka kwenye supu ya njugu ya Mama Mdogo Mansa. Ukabaki mchuzi mtupu. Kabla hata fufu ya mihogo haijatwangwa, Kwansima aliitwa jikoni na kuambiwa aonyeshe alichosomea.

Hakuwa na vifaa. Alichukua unga wa kakao na brashi ya poda ya mama yake, akapitisha polepole juu ya mfuniko wa sufuria. Alama ya dole gumba ikajitokeza, safi kabisa. Akawapanga watu wote wa nyumba, akawachovya vidole kwenye wino wa mhuri, akalinganisha mistari. Kidole kilikuwa cha Mjomba Kwaw, katekista, aliyetangulia kurudi kutoka kanisani na aliyekuwa akifunga wiki nzima.

Mjomba alikiri kuwa alifunua sufuria, lakini akaapa alinusa tu.

Mwalimu wa Kwansima chuoni alikuwa amewakanya wanafunzi mara nyingi: alama inamtaja aliyegusa, haisemi alifanya nini. Kwa shingo upande Kwansima akawaambia hawezi kuthibitisha kwamba mjomba ndiye aliyekula.

Mama yake akaangalia chini. "Miaka mitatu, mwanangu," alisema, "na umefika kwenye mfuniko tu?"

Mama Mdogo Mansa alivuta kigoda, akaketi mbele ya kaka yake, akamtazama kwa upole.

Mjomba, kwa furaha ya kuachiwa, akajaa maneno. "Mwacheni binti wa watu. Huyu ndiye msomi, hasemi asilolijua. Halafu mnagombania nini? Nyama yenyewe ilikuwa na chumvi kama bahari."

"Eti eeh?" akasema Mama Mdogo Mansa. "Na ile ya pajani?"

"Hiyo afadhali," akajibu mjomba, kisha akafumba mdomo, kachelewa.

Mjomba alitwanga fufu peke yake siku hiyo, mikono ya kanzu ya ukatekista ikiwa imekunjwa hadi kwenye viwiko, na watu walikula na mchuzi mtupu huku wakicheka. Kwansima alifaulu usaili. Wasaili walipomuuliza kama angependa pia kuhoji watuhumiwa, alisema hapana, kazi hiyo ina wenyewe.