Bei ya Dirishani

Mke wangu Tumwagile alikufa Jumanne, saa saba na nusu mchana, mwezi wa tano mwaka tisini na sita, na asubuhi ya siku ile kibindoni nilikuwa na shilingi elfu arobaini na mbili. Naanza na hilo kwa sababu watu wa Malolo wanalisema nikiwapa mgongo. Sasa nimelisema mwenyewe, wapumzike.

Hospitali sitaitaja jina. Iko kati ya Kilosa na Mikumi na zamani ilikuwa ya shamba la mkonge. Babu yangu Kashindye aliletwa pale pamoja na manamba wenzake, vibarua wa mkataba, kutoka Tabora, na mimi nimezaliwa mle mle. Wakati ule ukiumwa unaandikwa jina, unapewa dawa, unakwenda zako. Halafu wakubwa wakatuletea soko huria lao. Shamba likauzwa, na hospitali ikauzwa humo humo kama banda la trekta. Mkurugenzi mpya akapaka kuta rangi, akaleta vitanda vya chuma, akatoboa dirisha dogo pembeni ya mlango. Kila kitu kikawa cha kulipia. Hilo silikatai. Hata nyanya za Dumila ni za kulipia, ila muuza nyanya ukimuuliza bei anakutajia.

Pale dirishani hukutajiwa. Ulitazamwa. Karani alikuwa Nassir, kijana wa Kilosa mjini, mwenye kalamu tatu mfukoni. Anakuuliza umetoka wapi, unalima nini, umekuja na usafiri gani. Majibu yako ndiyo aliyoyageuza kuwa shilingi. Jirani yangu Budeba, mfugaji, alikwenda kukatwa ngiri akiwa amevaa koti, japo la mtumba, akalipa elfu arobaini na tano. Elizabeti, mjane anayekaa nyuma ya kanisa, mwanawe alikatwa ngiri hiyo hiyo mwezi huo huo kwa elfu kumi na mbili.

Basi tukajifunza. Kijiji kizima tulijifunza kwamba ukienda kule unaacha viatu, unaacha saa, unavaa nguo ya kulimia. Tulikuwa tunaazimana kanga zilizochanika kama wenzetu wa mjini wanavyoazimana suti ya harusi. Na huambiwi thelathini ukatoa thelathini. Unalia umaskini, unakaa kwenye benchi, anakuita tena, anashuka, nawe unapanda kidogo. Hivyo ndivyo tulivyotibiwa miaka miwili.

Jumatatu jioni Tumwagile alishikwa na tumbo. Kulipokucha lilikuwa limevimba na kukaza, na anatapika maji ya kijani. Timotheo, mganga wa zahanati yetu, alilibonyeza mara mbili tu akasema utumbo umejisokota, akatwe kabla ya mchana. Nilichukua hela zote za mpunga, nikazifunga kiunoni chini ya shati, nikakodi pikapu ya Ngolo.

Kabla ya kufika getini nilimwambia Ngolo asimame kwenye kibanda cha Joha, muuza chai. Tumwagile alikuwa amejifunga kitenge chake kipya. Nikamvua, nikamfunga kanga ya jikoni.

"Baba Raheli," akaniambia, "nitaweza kutembea?"

Nikamwambia ni hatua chache, na wakituona tunashuka garini watatuchinja. Akatembea. Alichuchumaa mara mbili njiani, akainuka mwenyewe.

Daktari alimpima saa tatu kasoro. Akasema aingizwe kwenye upasuaji, na mume aende dirishani. Nassir hakunipa hata shikamoo, na mimi ni sawa na baba yake. Nikamjibu maswali yake kama tulivyozoea: Malolo, mpunga umeliwa na ndege, tumekuja kwa lifti.

"Thelathini," akasema.

Hapa ndipo watu wananishangaa, na mimi nawashangaa wao. Thelathini nilikuwa nazo. Lakini nani alilipa bei ya kwanza pale? Nikamwambia nina nane. Akaniambia nikakae.

Nikakaa. Akahudumia wengine, akanywa chai, akaniita. Ishirini na tano. Nikasema nimekumbuka kuna ndugu anaweza kuniongezea mbili, zifike kumi. Nikakae. Wakati huo mke wangu amelazwa kwenye kitanda cha magurudumu, nje ya mlango wa upasuaji. Muuguzi mmoja, Sesilia, alinifuata kwenye benchi akasema mama anabadilika rangi, kulikoni? Nikamjibu naongea na karani. Akaenda mwenyewe dirishani kumsihi. Nassir akamwambia bila risiti mlango haufunguliwi, ni amri ya mkurugenzi, naye hakuajiriwa kuvunja amri. Haya, mkurugenzi huyo yuko wapi siku ya kuulizwa? Na waliomuuzia hospitali nzima bila kumwambia andika bei ukutani, wako wapi? Kwenye kampeni tunawaona.

Saa tano na nusu tulikuwa tumefika ishirini na mbili kwa kumi na sita. Sesilia akatoka tena. Safari hii alinitazama tu. Nikafunua shati pale pale mbele ya watu, nikaziweka ishirini na mbili dirishani.

Nassir akazihesabu mara mbili, akaandika risiti, akagonga muhuri. Ndipo akaniambia mtu wa nusu kaputi ameondoka na gari la mkurugenzi kwenda Mikumi robo saa iliyopita, maana hapakuwa na mgonjwa aliyelipiwa. Atarudi saa nane.

Tumwagile hakumsubiri. Mimi nilikuwa nimemshika mguu, kwa sababu mikono alikuwa amejikumbatia nayo tumbo na hakutaka kuiachia. Walinirudishia hela, wakakata elfu moja ya kitanda.

Mwezi wa kumi na mbili ikatoka amri wilayani kwamba kila hospitali itundike bei zake. Nilisikia Budeba akisema, nikaenda kuona mwenyewe. Ni ubao mkubwa mweupe, maandishi meusi. Mimi niliishia darasa la tatu, nilisoma kwa kidole mpaka nikafika penyewe: upasuaji wa tumbo, elfu kumi na nane. Kwa tajiri na kwa maskini, kumi na nane.

Nikaenda dirishani. Nassir alikuwepo, akanitambua.

"Kumi na nane," nikamwambia, nikiuonyesha ubao kwa kidole. "Ungenitajia siku ile."

"Ningekutajia, mzee, ungesema una nane."

"Ningesema."

"Na ulikuwa nazo. Niliona ulipofunua shati, zimejaa kiunoni. Mwenye mke ni nani pale, mimi au wewe?" Alishusha sauti ili wa nyuma wasisikie. "Mimi nilikuwa nangoja utoe. Ulikuwa unangoja nini?"

Sikumpiga. Watu wanasema ningempiga.

"Nilikuwa nangoja bei," nikamwambia. "Mwenye mali ndiye hutaja bei. Mimi nilikuwa mnunuzi tu, na umenifundisha wewe kununua namna ile, wewe na tajiri wako. Mke wangu mmemfanya nyanya."

Akaanza kupanga vitabu vya risiti ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa. Kidole changu bado kilikuwa kinaelekea ule ubao, na nilikuwa na mengine ya kumwambia, nilikuwa nayo ya miezi saba.

Mwanamke mmoja nyuma yangu akanigusa bega. Noti zake alikuwa nazo mkononi, kamili.

"Baba, samahani," akasema. "Sogea kidogo, nina mgonjwa."

Nikasogea. Nassir akapokea, akaandika risiti, akagonga muhuri. Hata dakika mbili hazikufika.