Kiti cha Glenda kwenye Bodi

Verna Tolliver hakuwa mtu wa siasa. Alikuwa muuguzi mstaafu, mjane, mwenye goti la bandia na kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Kitu alichokitaka pale Cypress Hollow, huko Florida, kilikuwa kimoja tu: kila asubuhi aingie kwenye bwawa la kuogelea la mtaa pamoja na wanawake wenzake, watembee ndani ya maji, wapige soga mpaka mbavu ziwaume, kisha kila mtu arudi kwake kunywa kahawa.

Bwawa lilikuwa la wote. Pamoja na ukumbi, njia za miguu na lile ziwa dogo ambalo mamba walipenda kuota jua kandoni mwake, lilikuwa mali ya wilaya ya mtaa: kijiserikali kisicho na polisi wala shule, ambacho kila mwenye nyumba alikichangia kupitia kodi yake ya nyumba, apende asipende. Kiliendeshwa na bodi ya watu watano. Miaka ya mwanzo viti vyote vilikuwa vya kampuni iliyojenga nyumba hizo, maana kura zilihesabiwa kwa ekari, na mwenye ekari nyingi ndiye mwenye neno. Mtaa ulipojaa watu, zamu ikawa ya wakazi kupiga kura, na viti viwili vikawa wazi.

"Tugombee wote wawili," Verna alimwambia Glenda Prewitt, wakiwa wamekaa kwenye kibaraza cha Glenda.

Glenda alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana. Nyumba yake ilipakana na bwawa. Uzio tu ndio uliotenganisha nyumba na maji. Mumewe Harlan alipougua mwaka uliotangulia, Verna ndiye aliyemgeuza kitandani, akamwosha, akakesha naye mpaka siku ya mwisho.

"Wee, shoga, hapana," Glenda alisema. "Hujui sheria ya hapa? Wajumbe wawili wa bodi hawaruhusiwi kuongea mambo ya wilaya popote isipokuwa kikaoni, mbele ya watu. Tukiingia wote, hapa kibarazani tutaongea nini? Mvua na jua?"

Verna akacheka. "Basi nenda wewe. Mimi mdomo huu utaniponza."

"Bwawa nitalilinda kama mboni ya jicho."

"Ukilichezea nitakufuata mpaka chooni."

Verna akaingia kazini. Jua la Agosti la Florida halina huruma, lakini Verna alipita nyumba kwa nyumba, kofia kichwani, akiburuta lile goti lake. Aligonga milango ya watu asiowajua. Alibembeleza wazee, akatania vijana, akabeba watoto wa watu. "Mpeni Glenda," alikuwa akisema. "Kama mnanijua mimi, mmemjua yeye." Novemba Glenda akashinda kwa kura nyingi kuliko wote, na usiku ule Verna alioka keki.

Baada ya hapo Glenda akawa mzito wa maneno. Verna akimuuliza bodi inapanga nini, alikuwa akiweka kidole mdomoni. "Siwezi, mwenzangu. Sheria." Na Verna alimheshimu kwa hilo. Hata Consuelo, mmoja wa wale wanawake wa bwawani, alipokuja na fununu kwamba bwawa limepata ufa na kuna wanaotaka lifukiwe, Verna alimkatiza.

"Glenda yupo mle ndani. Lala usingizi, Consuelo."

"Na kama hao wengine wakimzidi nguvu?"

"Humjui Glenda wewe."

Kikao cha bodi kilifanyika ukumbini alasiri ya Machi. Wanawake wa bwawa walikuja wote, wengine na taulo mabegani kwa utani. Kabla ya hoja, wakazi walipewa dakika tatu tatu za kusema. Verna alisema kuhusu magoti, kuhusu wajane, kuhusu wajukuu waliojifunza kuogelea pale. Fundi aliyelikagua bwawa naye alieleza kwamba ufa unatibika. Verna akarudi kukaa, akamkonyeza Glenda. Glenda alikuwa anaangalia glasi yake ya maji.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mwenye hoja.

"Ninayo," Glenda akasema. Sauti yake haikutetemeka. "Natoa hoja bwawa lifungwe, lifukiwe, na mahali pake iwekwe bustani ya kupumzikia, yenye utulivu."

Kwanza Verna alidhani amesikia vibaya. Alimgeukia Consuelo, na Consuelo alikuwa ameziba mdomo kwa taulo. Hoja ikaungwa mkono. Wawili wakakataa, wawili wakakubali, na mkono wa tatu wa kukubali ulikuwa wa Glenda, umenyooka kabisa.

Watu walipoanza kutoka, Verna alimfuata wakili wa wilaya aliyekuwa anafunga mkoba wake. Bado alikuwa anamtafutia rafiki yake pa kujificha.

"Bwana wakili, sheria ndiyo iliyomzuia asinidokeze, sivyo?"

"Wewe ni mjumbe wa bodi?"

"Mimi? Hapana."

"Basi angeweza kuongea na wewe kutwa kucha, mama. Hiyo sheria ni ya wajumbe kwa wajumbe. Na hilo tuliwafundisha siku ya kwanza."

Verna alitoka nje haraka. Alimkuta Glenda kwenye maegesho, mkono uko kwenye mlango wa gari.

"Tangu lini?" Verna akauliza.

Glenda hakujifanya hajui. "Tangu Harlan afe."

"Harlan anaingiaje hapa?"

"Kitanda chake kilikuwa dirishani. Asubuhi ile anakata roho, nyinyi mlikuwa mnacheka. Nimemshika mkono, na nakisikia kicheko chako, Verna, kimewapita wote. Na kila asubuhi tangu siku ile nakisikia tena."

"Nilikesha kwako usiku ule! Si wewe uliyenisukuma mlangoni, ukasema nenda kanyooshe mgongo?"

"Ndiyo, ni mimi."

"Ungeniambia. Ningewanyamazisha wote. Tungehamia mchana, tusingekuja kabisa, Glenda, ungesema neno moja tu."

"Ningesema, ungelia. Halafu ingekuwa kazi yangu kukubembeleza. Sikuwa na nguvu hizo."

"Kwa hiyo ukanitembeza mtaa mzima juani, nikuombee kura?"

Glenda akafungua mlango wa gari. "Bila wewe nisingezipata," alisema taratibu. "Watu wanakupenda wewe."

Hilo ndilo lililomkata maini. Kifo cha Harlan angekielewa. Huzuni alikwishaiona ya kila namna wodini. Lakini Glenda alimtazama, akapima thamani ya jina lake mtaani, akalitumia kama mtu anayeazima ngazi ya jirani kumwibia jirani huyohuyo.

Verna alijaribu kupinga. Kikao kilichofuata ukumbi ulijaa, watu wakafoka, lakini mkataba wa kufukia bwawa ulikuwa umeshasainiwa. Malori ya mchanga yakaja. Wengine katika wale wanawake sasa huendesha gari hadi bwawa la kaunti, wengine wameacha. Bibi mmoja wa mtaa wa pembeni alimwambia Verna usoni, "Wewe ndiye uliyemleta huyu mlangoni kwangu."

Siku ya Shukrani, ile sikukuu ya Novemba ambayo Wamarekani hukutana kula pamoja, binti yake, Janelle, alikuja kutoka Atlanta. Alipanga meza kama kila mwaka, na kama kila mwaka akaweka sahani ya Glenda. Verna akaiinua, akairudisha kabatini.

"Glenda haji?"

"Haji."

"Anaumwa?"

"Haumwi."

Janelle alichungulia dirishani, upande wa kwa Glenda. "Gari lake lipo, mama. Yuko peke yake. Nimpelekee hata kipande cha pai?"

Verna aliendelea kukata bata mzinga. "Mpelekee. Usiseme nimekutuma, maana sijakutuma."

Janelle hakukawia kurudi, mikono mitupu. "Glenda amelia, mama. Anasema asante. Anauliza kama anaweza kuja."

Verna aliweka kisu chini, akafuta mikono kwa kitambaa, akamvutia Janelle kiti.

"Kaa ule," alisema. "Nyama inapoa."