Kisiki cha Baba

Kwenda kupiga kambi kwenye msitu wa redwudi, ile miti mirefu kupita yote, lilikuwa wazo langu, kwa hiyo laana zote zinirudie mimi. Mume wangu Preston alishasema wazi: baba yangu akileta tena maneno yake ya shombo, binti yetu Maren hatamwona babu yake tena. Nikadhani hewa ya msituni ingewapoza. Mjinga mimi.

Asubuhi tu walishaanza. Mle hifadhini hairuhusiwi kudondosha hata chembe ya chakula, maana makombo huvuta kunguru wa buluu, nao wakishazoea hapo hula mayai ya ndege wengine. Baba akamega mkate wake, akautupa chini makusudi.

"Mzee, okota," Preston akasema.

"Mkwe, hata ndege unamnyima tonge? Ndiyo maana umekonda hivyo."

Nikaokota mimi.

Tulipoanza kutembea, Maren alimshika babu yake mkono, akimwuliza kila kitu. Njia ikatufikisha kwenye kisiki kipana kuliko hema letu, kimeotwa na kangaga. Preston alikuwa anakijua. Nina hakika aliichagua njia ile kwa ajili hiyo.

"Maren, muulize babu nani aliuua mti huu."

"Niliukata mimi," baba akasema, "kabla hapa hapajawa hifadhi. Nilikata, sikuua. Baba yako analala ndani ya nyumba ya mbao, anadhani zilianguka kutoka mbinguni?"

Maren akamtazama. "Ulisikitika, babu?"

Neno moja tu lingetosha. Marehemu mama aliniambia kwamba siku mti ule ulipoanguka, baba alirudi akakaa mezani bila kuvua viatu, hakugusa chakula, na kesho yake hakwenda kazini. Baba alijua kwamba najua. Akanitazama mimi, kisha akamtazama Preston, aliyekuwa amekunja mikono akisubiri, anatabasamu.

"Hata kidogo," akasema.

Nilimchukia Preston kwa lile tabasamu. Baba nilimchukia zaidi, maana kwake heri ampoteze mjukuu kuliko mkwe amwone amenywea.

"Umemsikia?" Preston akamwambia mtoto.

Maren aliuchomoa mkono wake kiganjani mwa babu yake, taratibu, akaupangusa kwenye suruali.