Ukoka wa Mwalimu Habibu

Septemba ile, Dodoma nzima ikiwa na rangi ya gunia, upande wa Zuzu kulikuwa na kipande kimoja tu cha ardhi chenye kijani, nacho kilikuwa cha Mwalimu Habibu. Kilikuwa chake kwa uchungu, si kwa hati. Kwenye ramani ya chuo kiliitwa uwanja wa mpira.

Chuo chenyewe kilifundisha kilimo, mifugo na michezo, mambo matatu yaliyotiwa chungu kimoja na mtu ambaye bila shaka alikuwa na haraka zake. Watu wa kilimo walikuwa na zabibu na mtama. Watu wa mifugo walikuwa na ng'ombe, mbuzi, na Daktari Mazengo mwenye sauti ya kuitia ng'ombe hata akiwa kikaoni. Michezo ilikuwa na Mwalimu Habibu, mipira iliyoshonwa ikashonwa tena, na ule ukoka wa uwanjani.

Ikaja habari kwamba wakaguzi wanakuja, na kozi isiyo na mahali pa kufundishia itafutwa. Kila mtu alijua wanaangalia kozi gani. Habibu alihofia zaidi, kwa kuwa kule Kondoa alikuwa na mjomba mwenye duka la vifaa vya ujenzi, na huyo mjomba alikuwa amemwambia tangu zamani kwamba kupiga filimbi si kazi ya mtu mzima, atachoka, atarudi kupima misumari. Habibu aliapa kwamba misumari hataipima.

Basi akafanya kazi. Alichimba mfereji kuleta maji yaliyotumika kusafishia banda la kukamulia. Alibembeleza samadi ya mbuzi kwa Mazengo. Alipalilia kwa magoti. Juu ya yote akaweka amri: hakuna kukanyaga.

"Uwanja huu ni nguo ya Idi," aliwaambia wanafunzi. "Nguo ya Idi haivaliwi kabla ya Idi."

Wanafunzi wakafanya mazoezi kwenye vumbi karibu na zizi, ambako mpira ukienda ulirudi na mavi. Erica, nahodha wa timu ya wasichana, binti kutoka Mkonze asiyeogopa mtu, alimfuata siku moja akichechemea.

"Shikamoo, mwalimu. Hiyo Idi yenyewe ni lini?"

"Marahaba. Siku ya wakaguzi."

"Na sisi si Waislamu wote," akasema Erica, akaenda zake.

Mazengo naye alikuwa haishi kuja kuegemea uzio. "Mwalimu, ng'ombe wangu wanatafuna mabua, na huku majani yanazeeka yenyewe. Hii ni dhambi kwa Wagogo na kwa Warangi pia."

"Daktari, ng'ombe wako hawajui sheria ya kuotea."

Wakaguzi walipokaribia, Habibu akaona magoli yamechakaa, yatamwaibisha. Akayang'oa, akayapeleka karakana yapakwe rangi. Rangi ilipogoma kukauka, hakuhangaika. Kizuri chajiuza, alijisemea, na wenye macho wataona.

Wenye macho waliona. Mkuu wa ukaguzi alikuwa Mzee Nikodemo, mtu wa suti na tai, lakini aliyekulia nyuma ya ng'ombe wa baba yake. Mama Paulina, mkuu wa chuo, alimzungusha kote, na kote mzee alitikisa kichwa kwa adabu tu. Alipofika kwenye ukoka akasimama. Kisha akapiga magoti na suti yake, akang'oa unyasi, akautafuna.

"Nani kafanya hii?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kiangazi hiki? Kwa maji gani?"

Habibu akaeleza mfereji, akaeleza samadi, akaeleza magoti. Hakuna aliyewahi kumuuliza mambo hayo, na sifa ni pombe hata kwa asiyekunywa. Mama Paulina alikohoa. Habibu hakusikia.

"Na huku ndani wanapita watu?" akauliza mzee.

"Hata mguu mmoja, mzee. Tangu mvua zilipokatika, haujakanyaga mguu."

"Wanafunzi wa michezo wanachezea wapi, basi?"

Habibu akanyoosha kidole kuelekea zizini kabla akili haijamzuia. Mkono ulipofika juu, akajua alichofanya.

"Lakini uwanja ni huu, mzee. Uwanja ndio huu."

Mzee Nikodemo akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta magoli. Hakucheka. Alimwonea huruma, na hilo ndilo lililoumiza.

"Mwanangu, mahali pasipochezwa, pasipo na goli, penye majani kama haya, kwetu tunapaita malisho."

Yakaisha hapo. Jioni, kikaoni, ilitangazwa kwamba kozi ya michezo inafungwa kwa kukosa uwanja, na inafunguliwa kozi ya malisho, mkuu wake Mwalimu Habibu, kwa juhudi zake za kupigiwa mfano. Mazengo alipiga makofi kuliko wote. Mjomba alipiga simu kutoka Kondoa kumpongeza kwa kupata, hatimaye, kazi ya mtu mzima.

Jumatatu ng'ombe walipangwa kuingia saa sita mchana. Magoli yalirudi asubuhi, yanang'aa, yakalazwa kando ya uzio. Mazengo alishaona yatafaa kufungia ndama. Habibu alimkuta Erica langoni na wenzake, mpira kwapani.

"Mwalimu, mchana ni wa ng'ombe. Asubuhi hii ni ya nani?"

Habibu alimtazama. Kisha akafungua lango, akavua viatu, akatoa filimbi mfukoni.

Wakacheza. Mpira ulitambaa ulikotumwa, haukuruka-ruka kama kule zizini, na wasichana walianguka wakainuka wanacheka, bila kuchubuka. Kila pasi iliyofika ilimchoma moyo. Uwanja ulikuwa mzuri kuliko alivyodhani, na hakuwa amewahi kuujua.

Sauti ya Mazengo ikasikika mbali, ikiwaita ng'ombe. Habibu akapuliza filimbi ya mwisho. Erica akaja na majani magotini.

"Ulikuwa uwanja mzuri, mwalimu."

"Ulikuwa," akasema Habibu, akaenda kuwafungulia ng'ombe lango, maana sasa ndiyo kazi yake.