Sahihi ya Mdhamini

Ile fomu ilikaa mezani siku nne, na siku zote nne niliipita bila kuigusa. Ilikuwa fomu ya mkopo wa chuo. Binti yangu Sikitu alikuwa amechaguliwa kusoma digrii ya fizikia, na ukurasa mmoja ulinitaka mimi: jina, picha na sahihi ya mdhamini. Mwisho wa kutuma ni Jumamosi.

Neno mdhamini mimi nalijua kuliko hao walioichapa fomu. Marehemu mume wangu, Ponsiano, alimdhamini jirani yetu hapa Mchombe aliyechukua hela wakati mpunga wake ungali kijani. Jirani alivuna, akauza, akahamia Masagati huko asikofuatwa na mtu. Mwenye hela akaja kwetu siku tunapiga mpunga, akachukua magunia yetu, na Ponsiano kwa aibu akasaidia kuyabeba. Mwaka ule tulikula mihogo mpaka watoto wakaichukia.

"Mama, huu si mkopo wa namna hiyo," Sikitu aliniambia, akanionyesha hesabu alizoandika nyuma ya daftari. "Deni litafika kama milioni kumi. Nikiajiriwa kufundisha, tuseme laki saba kwa mwezi, wanakata kama laki moja hivi. Kibarua cha laki mbili naweza kuanza leo, sawa. Lakini hata nikimaliza chuo nikakaa miaka miwili bila ajira, mwaka wa tatu kazini nitakuwa nimempita aliyeanza leo."

"Na usipoajiriwa kabisa?"

Akafunga daftari. Sote wawili tulimfikiria Fredy, kijana wa nyumba ya pili, ambaye digrii yake imetundikwa sebuleni na yeye yuko stendi juu ya bodaboda anagombea abiria. Niliona macho ya mwanangu nikajua naye anaogopa, na hilo ndilo lililonimaliza. Mtoto akiogopa na mama akaogopa, nani atamshika mwenzake?

Alhamisi nikaenda kwa Octavian mwenye mashine ya kukoboa. Kwenye ghala lake ndiko tunakoweka mpunga tukisubiri bei ipande, na mimi nilikuwa na magunia kumi na manne. Alikuwa anatafuta mtu wa kukaa kwenye mizani, anayejua hesabu.

"Mlete, Mama Sikitu," alisema. "Laki mbili kwa mwezi. Na ili ujue sitanii, shika mshahara wa miezi mitatu."

Laki sita, taslimu! Akanisogezea daftari, nikasaini palipoelekezwa na kidole chake. Nilitoka pale mwepesi, naimba. Siku hiyo hiyo nikalipia kodi ya ekari tatu za msimu ujao na kishika nafasi cha trekta, zikaisha zote.

Nilipomwambia Sikitu, hakugomba. Alivaa kandambili akaenda mashineni, akarudi amekunja uso.

"Ulisoma ulichosaini?"

"Nimesaini kupokea hela."

"Umesaini kunidhamini, Mama. Nisipofanya kazi mpaka mavuno ya mwakani, anachukua magunia kumi. Kwa bei ya leo, elfu sitini kila gunia. Januari gunia hilo hilo ataliuza laki."

Nikakaa kwenye kinu. Nilikuwa nimekimbia deni la karatasi nikaenda kuingia mwenyewe kwenye deni la magunia, lile lile la Ponsiano, na safari hii niliyemuuza angali kijani alikuwa mwanangu. Nilijichukia. Ningeweza kumtukana Octavian mpaka sauti ikauke, lakini kalamu niliishika mimi.

"Basi nitakaa kwenye mizani," Sikitu alisema taratibu. "Nitaomba tena mwakani." Akaanza kuikunja fomu.

Mwakani! Huyo ni mtoto aliyekuwa akitembea na kitabu cha fizikia hata shambani kuwinga ndege wasile mpunga. Nilikuwa na wadogo zake wawili ndani, na magunia manne hayawezi kutufikisha Juni. Hesabu hiyo sikuhitaji kuiandika nyuma ya daftari.

"Lete hiyo karatasi," nikasema. "Na kalamu. Haraka, kabla sijabadilisha mawazo."

"Mama, magunia..."

"Nimesema lete!"

Sahihi ikatoka mbaya kuliko ile niliyoiacha kwa Octavian. Ijumaa Sikitu alipanda gari kwenda Ifakara kuituma.

Jumatatu Sikitu hakwenda kwenye mizani, nami nikaitwa ghalani, vijana wa Octavian wakaanza kuyatenga magunia yangu kumi. Nilisimama pale nikiyahesabu kwa sauti. Walipofika la kumi mmoja wao alikuwa amechoka, nikashika ncha ya pili nikamsaidia kulibeba.